Meno ya Rupia

Ulimwona. Usijitetee. Ulikuwa umeketi kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na duka la sonara, Garsen, pale mabasi ya Lamu na Malindi yanapopishana. Mahamri mbele yako, mbaazi zinatoa moshi, na mwanamke amesimama juani na mkufu mkononi akimpigia mtu kelele, "Umeniibia!" Uliinua macho. Ulimwona vizuri tu. Halafu simu yako ikawa na jambo la haraka, ukainamisha kichwa.

Si ajabu. Sisi watu wa Tana tumekuwa mafundi wa kugeuza shingo. Walikuja watu na ramani na vigingi wakasema ardhi hii haina mwenyewe, tukageuza shingo. Mwaka ule wa moto jirani alichomewa nyumba, tukageuza shingo; waliochomewa walipolipiza, tukaigeuza upande wa pili. Shingo zetu zimezunguka mpaka hazijui tena mbele ni wapi. Basi leo hutasogea. Kaa hapo usikie ulichokikwepa.

Mwanamke yule ana jina. Anaitwa Safiya Kassim, wa Hewani, mkulima wa ndizi na mpunga kando ya mto, mama yake Tasnim. Na ule mkufu haukuwa wake. Hapo ndipo penye moto wote.

Mkufu ni wa wanawake wa Hewani, wote kwa pamoja. Una rupia kumi na moja za fedha za enzi ya Mfalme Joji, na baina ya rupia na rupia pametiwa pesa ya shaba, zile sarafu zilizoiachia pesa jina lake. Msichana yeyote wa kijiji akiolewa huuvaa siku ya kupambwa, awe mtoto wa mwenye boti ya injini au mtoto wa asiye na jembe. Siku hiyo vifua vyote ni sawa. Hakuna anayeununua, hakuna anayeurithi. Una mtunzaji tu. Alikuwa nyanyake Safiya, akawa mamake, akawa yeye.

Wanavyosimulia Hewani, zamani watu wa mto waliuza mpunga na ngozi kwa wachuuzi waliopanda na mitumbwi kutoka Kau, wakalipwa rupia. Kisha wakoloni wakaketi huko kwao wakaamua rupia basi, sasa ni sarafu nyingine. Habari hiyo ilipanda mto polepole kuliko mamba aliyeshiba. Ilipofika, muda wa kubadilisha ulikuwa umeshapita. Mtu alilala ana mavuno ya mwaka ndani ya kopo, akaamka ana kopo la vyuma. Wanaume wakatukana, wengine wakazitupa majini. Wanawake wakaziokota. Walisema, kama dukani hazinunui kitu, zitavaliwa. Hiyo ndiyo asili ya mkufu: wizi wa kwanza, uliogeuzwa pambo na watu waliokataa kulia.

Na kwa kuwa waliibiwa mara moja, waliweka ulinzi. Mkufu ukitoka kwa mtunzaji hupimwa, ukirudi hupimwa. Mizani ni ufito na vifuu viwili vya nazi: huku mkufu, huku jiwe jeusi la mtoni lisilo na kazi nyingine duniani. Ufito ukilala sawa, vigelegele. Vipete vinavyoshika rupia vikilegea, sonara huitwa kijijini. Hufanya kazi juu ya mkeka, wanawake wamemzunguka na nyimbo zao za kumtania, na akimaliza, unga wa fedha hukung'utwa kutoka kwenye kanga mpaka chembe ya mwisho ukarudishwa kwenye lehemu ya kuungia. Hakuna sonara aliyewahi kubaki peke yake na mkufu ule.

Mpaka mafuriko yale ya juzi. Maji yaliingia hadi kitandani, Hewani ikahamia kwenye mahema kando ya barabara, na sanduku la Safiya likalala kwenye tope. Alipoutoa mkufu, vipete vilikuwa vimeliwa na kutu penye lehemu, viwili vimekatika. Sonara hangeweza kuja. Barabara yenyewe ilikuwa mto. Safiya akaubeba ndani ya kitambaa hadi Garsen, kwa Faiz, sonara mtu wa pwani.

"Niachie, dada yangu," Faiz alimwambia. "Watu wamejaa. Wiki ijayo utaukuta kama wa bibi harusi wa peponi."

Akamwachia. Alichoka, alikuwa na mahindi yaliyooza na mtoto mwenye homa hemani, na yule alikuwa Faiz, mtu aliyegawa magunia ya unga wakati wa maji na kukodi boti kwa pesa yake. Nani angemwambia Faiz, kaa mkekani nikulinde? Alipoufuata alizihesabu rupia, akavuta vipete kimoja kimoja, akaangalia sura ya mfalme, ambaye wanawake wa Hewani humwita Bwana Ndevu. Vyote sawa. Akashukuru, akarudi; kupima kukangoja, maana kijiji kilikuwa bado kimetawanyika mahemani.

Kisha ikaja harusi ya Fahima, ya kwanza tangu maji yapungue. Jumanne wanawake wakakutana kuupima mkufu kabla haujatoka. Jiwe likaenda chini.

Walijaribu tena. Wakabadilisha vifuu. Jiwe likaenda chini vilevile, taratibu, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake. Sumeya, shangazi yake Fahima, mwanamke ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji, alimtazama Safiya.

"Mama Tasnim," alisema, "jiwe halijanenepa."

Walimpa hadi Alhamisi, siku ya kumvisha Fahima. Mkufu urudi na uzito wake, ama utunzaji uondoke nyumbani kwa Safiya, na aitwe vile ambavyo hakuna mwanamke wa Hewani aliyewahi kuitwa: aliyekula mkufu. Na mtoto wa aliyekula mkufu hapambwi nao. Tasnim alikuwa ameshaposwa. Angekuwa bibi harusi wa kwanza wa Hewani kupambwa kifua kitupu, kila mgeni akijua kwa nini.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi ulimwona Garsen.

Duka lilikuwa limejaa, maana baada ya mafuriko akina mama wengi walikuwa wakiuza vipuli na bangili wapate mbegu. Faiz alikuwa nyuma ya meza yake ya kioo, kofia ya vito iliyodariziwa vizuri, kikombe cha kahawa kando.

"Ahaa, Hewani! Karibu, dada. Maji yamewaachia?"

"Yametuachia. Bwana Faiz, mkufu umepungua."

"Umepungua? Uliniletea rupia ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hapo mkononi zipo ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sasa?" Faiz akawageukia wateja. "Jamani nisaidieni, mimi shule nilipita nje ya dirisha. Kumi na moja toa kumi na moja?"

Watu wakacheka. Safiya naye karibu acheke. Lilikuwa duka la mtu wa kuchekesha, na kucheka pale ilikuwa adabu.

"Hesabu ipo," alisema. "Uzito ndio haupo. Tumepima."

"Kwa lile jiwe lenu?"

"Kwa lile jiwe letu."

"Dada yangu, fedha ni kama nyama ya mwili, huisha kwa kushikwa. Mnausugua kwa mchanga wa mto kila harusi, tangu bibi yako hajavunja ungo. Ulitaka hata vile vijimeno vya pembeni vibaki?"

Safiya hakuwa ametaja vijimeno. Hakuwa amevifikiria.

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa rupia ya kwanza. Utotoni mamake alikuwa akimshika kidole hichohicho na kukiburuta pembeni mwa rupia, ikalia krrr, kama mdudu wa usiku, naye akacheka mpaka akabebwa. Sasa kidole kiliteleza. Akajaribu ya pili. Ya tatu. Zote kumi na moja zilikuwa laini pembeni kama zile pesa za shaba zilizo baina yake. Joto likampanda kutoka miguuni, akatoka nalo hadi mlangoni, juani, na hapo ndipo aliposema lile neno ulilolisikia.

Barabara nzima ilisikia. Muuza maji alisimamisha mkokoteni. Kisha kila mtu akakumbuka gunia moja la unga, na midomo ikawa mizito. Wewe ukaangalia simu.

Faiz hakukasirika. Alimfuata, akamsogeza kivulini kando ya mlango, akashusha sauti ikawa ya kaka.

"Usiharibu siku yako. Niletee jioni. Hapa nyuma, kwenye kifungo, pasipoonekana na mtu, nitakutilia shanga ya fedha. Jiwe lenu litalala sawasawa. Sitaki hata shilingi. Mmeumia na maji. Lakini lile neno lako," akaonyesha kizingiti kwa kidole, "liache hapahapa."

Akarudi ndani. Safiya akabaki na mkufu mkononi, na njia ya kutoka kwenye aibu iko wazi kabisa mbele yake.

Alivuka hadi kibandani. Aliagiza chai asiyoitaka, akaketi, akainuka, akaketi benchi jingine. Halkano, mfanyabiashara wa ng'ombe, Muorma wa huko nyuma ya Garsen ambaye hununua ndizi zake kila wiki na kumtukana juu ya bei kila wiki, alikuwa akimtazama muda wote juu ya kikombe.

"Mama Tasnim, wewe leo umekuwa kama mbuzi ya mnada. Kaa chini."

"Nikikaa utaninunua?"

"Mbuzi ya Mpokomo nani atanunua? Inakula mpunga tu, haina mafuta."

"Na ng'ombe zako zilizokula mahindi yangu mwaka juzi, hizo zina mafuta ya nani?"

"Aa, hizo zilikuwa zinakusalimia."

Safiya alicheka, na kicheko kikataka kugeuka kilio, akakimeza. Akamwekea Halkano mkufu mezani na kumwambia yote, mpaka shanga. Mzee yule aliuchukua, akaupeleka karibu na jicho lake zima, akaanza kupapasa. Alipapasa rupia, akapapasa pesa ya shaba, akarudi kwenye rupia.

"Hii nyekundu, meno ilikuwa nayo zamani?"

"Hapana. Shaba haikuwa nayo toka mwanzo."

"Na hii nyeupe ilikuwa nayo. Kwa nini hii ndio, hii hapana?"

Safiya alizigeuza zote mbili, nyeupe na nyekundu. Maisha yake yote aliyajua yale meno kama unavyojua sauti ya mlango wa kwenu, hakuwahi kuuliza yamewekwa na nani.

"Mimi nakuambia," Halkano alisema. "Ng'ombe yangu nakata sikio. Huku chale moja, huku mbili, hiyo ni ya ukoo yetu. Mwizi akichukua, akitaka kuficha chale, lazima akate zaidi. Sikio inabaki fupi. Sasa mimi nikiona sikio fupi sokoni, siulizi kitu. Sikio yenyewe inapiga kelele."

"Na mbuzi mgonjwa? Huyo naye unamkata?"

"Mbuzi ya kufa kesho? Nakatia nini? Nani ataiba?"

Safiya alirudisha macho kwenye ile shaba. Hapo ikamwingia, na wewe pia ikuingie, kwa maana umezishika sarafu tangu utoto na hukuwahi kuuliza. Rupia ilikuwa fedha tupu karibu yote. Thamani yake ilikuwa uzito wake. Na popote duniani ambapo sarafu ilikuwa fedha au dhahabu, alitokea mtu na tupa. Alikwangua kidogo pembeni, kiasi cha ukucha, akaipitisha sarafu sokoni kama nzima. Kesho nyingine. Keshokutwa nyingine. Mwisho wa mwezi ana donge la fedha, na hakuna hata mmoja aliyepoteza sarafu yake. Kila mtu akihesabu, hesabu ipo. Ndipo waliozipiga chapa wakazitia meno pembeni: ukikwangua, meno yanakatika, na ukingo mtupu unakushitaki mbele ya mtoto. Shaba waliiacha laini, kwa sababu unga wa shaba haulipi hata jasho la mwenye tupa.

Shilingi zilizo mfukoni mwako sasa hazina fedha hata ya kutengenezea jino la panya, na bado baadhi zina mifuo pembeni. Ni mazoea ya viwanda, na ni msaada kwa vidole vya asiyeona apate kutofautisha hii na ile. Lakini asili yake ni mwizi. Mwenye mali alijua ataibiwa kidogokidogo, akajiandaa. Sisi hatukutiwa meno na mtu. Tulihesabiwa shaba, na tukakubali, na tangu hapo tunakwanguliwa: shamba hatua moja kila msimu, maji ya mto ndoo kwa ndoo, na kila tukihesabu tunaambiwa, si yapo?

"Basi amekata sikio," Safiya alisema.

"Amekata."

"Twende ukamwambie."

Halkano akaweka kikombe chini. Akaangalia barabara, akaangalia fimbo yake.

"Mama Tasnim. Chukua shanga. Mimi nasema kama ndugu. Hii mji ikisikia Mpokomo anagombana na mtu ya pwani, na Muorma amesimama katikati, kesho hakuna mtu atauliza habari ya rupia. Watauliza kabila. Wewe unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Basi chukua. Harusi ni kesho."

"Hata wewe, Halkano, shingo imepinda?"

Halkano akarudia kikombe chake. Safiya aliinuka, akalipa chai ambayo hakuigusa.

Na hapa usimfanye malaika. Alivuka barabara kwenda kuichukua ile shanga. Alikuwa ameshaamua. Jiwe haliulizi kilichomo kwenye kifuu. Ufito ungelala sawa, Fahima angepambwa, vigelegele vingepigwa, Tasnim angeuvaa kwa zamu yake, na hakuna mtu duniani angejua. Alijiambia hayo yote hatua kwa hatua, haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Ndani, Faiz alikuwa akimpimia Kabibi, mama mmoja wa Kigiriama anayeuza mihogo kando ya stendi. Bangili zake nne zilikuwa kwenye sahani moja ya mizani. Kwenye sahani ya pili paliwekwa rupia kadhaa, kwa maana masonara wa kizamani hupima kwa tola, na rupia nzima ni tola moja. Safiya alisimama nyuma yake akingoja zamu ya kunyamazishwa. Macho yake yakaanguka kwenye sahani ile ya pili.

Rupia ya juu haikuwa na Bwana Ndevu. Sura ilikuwa imefutika, imekuwa kama sabuni ya mwisho wa wiki, huwezi kujua ni mfalme au ni kiazi. Lakini pembeni, kuzunguka yote, meno yalikuwa yamejipanga, hafifu, hakuna lililokosekana.

Shanga ikamtoka moyoni palepale.

"Bwana Faiz," alisema, "hiyo rupia ya mizani ni ya siku nyingi?"

"Ya marehemu baba." Faiz hakuinua kichwa. "Kila siku ya Mungu inashikwa hiyo, tangu sijazaliwa. Ngoja nimalize na mama hapa, nakuja kwako."

"Kila siku inashikwa."

"Kila siku."

Safiya akanyoosha mkono akaichukua. Mizani ikaruka, bangili za Kabibi zikaanguka kwa kishindo.

"We! Hicho ni kipimo, hakishikwi!"

"Si umesema kinashikwa kila siku? Shangazi Kabibi, samahani, nipe kidole chako. Pitisha hapa pembeni."

Kabibi alikuwa mtu wa kucheka haraka na kukasirika haraka zaidi. Alipitisha. "Ina meno."

"Sasa hii ya kwangu."

"Haina. Kama kipara cha baba watoto."

Watu wakacheka, kisha wakasogea.

"Sura je? Ya kwake ina ndevu?"

"Ya kwake? Ya kwake haina hata uso."

"Na ya kwangu?"

Kabibi akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ndevu zote zipo. Mpaka unywele wa puani."

"Ameniambia yangu imeliwa na mikono," Safiya alisema. "Yake imeshikwa kila siku miaka yote: imepoteza uso, na meno inayo. Yangu hulala sandukuni, hutoka siku ya harusi: uso inao, meno hayapo. Ni mikono gani hiyo, jamani, inayokula pembeni tu ikaacha ndevu?"

Watu wakaanza kukumbuka kila walichowahi kumwachia Faiz.

Faiz alijaribu kucheka, kicheko hakikupata mwenzake. "Umezikwangua mwenyewe, umekuja kunivua nguo mbele za watu! Unga wangu mlikula nyinyi!"

"Tulikula, na Mungu akulipe. Ule ulitupatia kwa gunia. Huu wa fedha umeuchukua kwa tupa."

"Toka dukani kwangu."

"Natoka. Shanga yako baki nayo."

Neno shanga lilisimama katikati ya duka. "Shanga gani?" Kabibi aliuliza, na Safiya akawaambia. Kabibi akaanza kukusanya bangili zake mezani, moja moja, bila haraka, akizipapasa kila upande kama mtu anayekagua watoto waliotoka kucheza. Mwanamke wa nyuma yake akarudisha vipuli kwenye kifundo cha leso. Mlangoni palikuwa pametiwa giza na mtu: Halkano, na fimbo yake mabegani.

"Na wewe wataka nini?" Faiz alimkemea.

"Mimi? Hakuna. Mimi naangalia."

Watu walipokwisha kutoka, Faiz akavuta mlango wa bati. Kishindo cha bati kilisikika hadi stendi.

Alhamisi, Hewani, jiwe lilikwenda chini kama Jumanne. Safiya aliwaeleza wanawake kila kitu, na alianza na lake: kwamba aliuacha mkufu bila mkeka, bila macho, jambo ambalo halijawahi kufanywa. Wengine walimlaani. Wengine walilia. Sumeya alingoja waishe.

"Kwa hiyo uliahidiwa shanga ukaikataa."

"Niliikataa."

"Ungeikubali, saa hii tungekuwa tunapiga vigelegele."

"Mngekuwa mnaipigia shanga."

Sumeya akauchukua mkufu akamvisha Fahima, mwepesi vilevile, mbele ya wote. Lakini sanduku hakumrudishia Safiya. "Utunzaji utakaa kwangu," alisema, "mpaka ijulikane nani ameushika mkufu na tupa. Wewe unasema yeye. Yeye anasema wewe. Mimi sikuwepo." Na Tasnim, aliyekuwa amesimama nyuma ya mamake na sinia la halua, aliweka sinia chini akatoka nje.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo saa hii. Safiya hajalala vizuri tangu siku hiyo. Hulima mstari mmoja, huacha jembe, hupanda barabarani kutazama kama kuna anayekuja. Maana Faiz amemtangulia kwa chifu, amemshitaki kumharibia jina, amesema mwanamke alikwangua rupia zake mwenyewe akatafuta wa kumbebesha. Chifu ameitisha baraza Jumatatu, na amesema neno la haki: neno la mmoja kwa neno la mmoja halitoshi. Kama mtu huyu anakwangua, hakukwangua mkufu mmoja. Viletwe vyote vilivyopita mikononi mwake, viwekwe mezani, vitazamwe pembeni.

Waliojitokeza mpaka sasa ni Kabibi, yule mwanamke wa vipuli, na mamake Halkano, kikongwe asiyeona, mwenye riale, sarafu kubwa ya fedha ya mahari yake, aliyompelekea Faiz kuitoboa. Watatu. Duka lile limekarabati fedha za mto mzima, toka Hola hadi Kau, hadi Kipini baharini, na wametoka watatu.

Wengine mko wapi? Mna mkufu wa mama. Mna riale ya nyanya, mna sarafu ya hirizi, mna kidani kilichotiwa kipete kipya mkasifu kazi ilivyokuwa safi. Mnaogopa mtakachokuta. Mnasema, kimepungua kidogo tu, si kipo? Ndivyo hasa mwenye tupa anavyoomba mseme.

Inuka. Usimalize chai. Nenda kafungue sanduku, toa kila chenye fedha, pitisha kidole pembeni, kisha kifunge kwenye leso upande pikipiki uje Garsen, ofisi ya chifu, Jumatatu kabla jua halijapanda. Mpigie shangazi yako wa Kau sasa hivi, simu si unayo mkononi? Mwambie asitume salamu za pole, aje. Usipokuja, Jumatatu jioni Safiya atakuwa mwizi kwa sheria na kwa jina, na Jumanne mlango wa bati utafunguliwa tena, na tupa itaendelea pale ilipoishia. Njoo na fedha yako, na uiweke mezani kwa mkono wako mwenyewe.